Sebule ya msimu wa vuli: kumbukumbu ya mradi, kuanzia balbu hadi pazia

Mwisho wa Agosti: orodha

Katalogi za mapambo ya nyumba za vuli, yale majira ya majani kuanguka, zimeshatoka, na safari hii nimezipitia nikiwa na kalamu mkononi. Rangi ni za udongo na majani makavu: kahawia ya chokoleti, kutu, zeituni, haradali, na ile damu ya mzee. Kahawia ndiyo inayotamba. Haikuanza jana, maana Pantone, kampuni ya viwango vya rangi, ambao wamekuwa wakitangaza rangi ya mwaka tangu 2000, waliuchagulia mwaka 2025 rangi waliyoiita Mocha Mousse, kahawia laini isiyokolea. Kwenye vitambaa kuna bukle (ya uzi wa vitanzi vidogo), mahameli, kodrai na sufu. Kwingineko ni vyombo vya udongo vyenye glezi (ule utando wa kioo unaong'aa) ya mawimbi, glasi za kaharabu, mbao nyeusi, taa za karatasi na kuta za chokaa.

Niliandika vyote, kisha nikafuta makundi mawili bila huruma: kila chenye umbo la boga, na kila chenye maandishi ya kuukaribisha msimu. Kitu kitakachofichwa kabatini Desemba ikiingia sikitaki ndani. Mto wenye picha ya jani lililoanguka una maisha ya wiki chache tu. Mto wa sufu wa rangi ya kutu utakaa hapo mwaka mzima na hakuna atakayeuliza kwa nini.

Masharti niliyojiwekea ni machache. Chumba ni kimoja, sebule. Kochi la kijivu halibadilishwi, bado zima. Na kila kinachoingia kinajaribiwa jioni taa zikiwa zimewashwa, wala si mchana dirishani. Kwenye nchi za kaskazini zenye majira manne, siku chache baada ya tarehe 22 au 23 Septemba usiku unaanza kuupita mchana kwa urefu, na jua lenyewe linapita chini chini. Kwa hiyo rangi za vuli, watu wengi wataziona kwa taa kuliko kwa jua. Katalogi zinatuuzia rangi, lakini mimi naamini chumba kinageuzwa na mwanga, na mradi huu nimeupanga kwa mtiririko huo: taa kwanza, ukuta baadaye, mapambo mwisho.

Septemba mwanzoni: balbu

Sikununua kitu cha kupendeza hata kimoja. Nilibadilisha balbu tu, na chumba tayari ni kingine.

Balbu ya dari ilikuwa ya kelvini 4000 (kelvini hupima rangi ya mwanga), mwanga ule mweupe wa ofisini. Sasa zote ni 2700. Namba ikishuka, mwanga unazidi kuwa wa njano na wa joto, jambo ambalo huwachanganya wengi dukani. Nilikuwa na kipande cha kitambaa cha kutu cha kujaribia. Chini ya 4000 kilipauka kikaonekana kama tofali la zamani. Chini ya 2700 kikarudisha wekundu wake wote. Kitambaa ni kile kile, meza ile ile.

Wati hazikuambii kitu siku hizi. Balbu ya kizamani ya wati 60 ilitoa takribani lumeni 800, na LED inatoa kiasi hicho hicho kwa wati 8 au 9. Kwa hiyo soma lumeni ujue wingi wa mwanga, soma kelvini ujue rangi yake. Halafu kuna namba ya tatu ambayo huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya boksi na watu hawaiangalii: CRI, kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi za vitu, na mwisho wake ni 100. LED nyingi za bei rahisi ziko 80 na kitu, na udhaifu wao mara nyingi uko kwenye wekundu uliokolea. Sasa fikiria kutu, kahawia, damu ya mzee: zote zimebebwa na wekundu. Mtu ananunua zulia zuri la kahawia, analiwekea balbu hiyo, kisha analaumu zulia. Nimechukua za 90 kwenda juu.

Taa ya dari sasa inawashwa tukitafuta kitu kilichodondoka tu. Kazi ya jioni inafanywa na taa tatu za chini: ya kusimama nyuma ya kochi, ya mezani kwenye kona, na ya karatasi juu ya kabati fupi. Zote zimekaa usawa wa macho ya mtu aliyeketi, au chini yake kidogo.

Hiyo ya karatasi nina la kusema. Inauzwa kama kitu kipya cha msimu, ilhali mchongaji Isamu Noguchi alianza kubuni taa zake za Akari mwaka 1951 baada ya kutembelea Gifu, Japani, mji wa watengenezaji wa taa za karatasi. Karatasi yake ni washi, inayotokana na gome la mforosadi, imetandazwa juu ya mbavu za mianzi, na taa nzima inakunjika ikawa bapa. Yangu si ya Noguchi, ni ya kawaida tu yenye waya ndani badala ya mianzi. Hata hivyo ukiisogelea ikiwa imewaka unaona nyuzi za karatasi zimelala ovyo, moja ndefu huku, nyingine imejikunja kule, na mstari wa waya unazunguka kutoka juu mpaka chini bila kukatika. Mwanga wake hauna ukingo. Kivuli cha chombo kilicho kando yake huwezi kusema kinaanzia wapi. Balbu ya ndani iwe LED na isiguse karatasi, hilo halina mjadala.

Septemba katikati: ukuta

Ukuta mmoja, ule ulio nyuma ya kochi, nimeupaka chokaa. Ndiyo, chokaa, ambayo sasa inauzwa kwenye kopo la kuvutia na jina refu. Siichukii biashara hiyo, kwa sababu kitu chenyewe ni kizuri kwelikweli. Rangi ya plastiki hukauka ikawa utando juu ya ukuta. Chokaa iliyozimwa inavuta hewa ya kaboni dioksaidi na kugeuka taratibu kuwa jiwe la chokaa tena, ikishikamana na kile kilicho chini yake. Ndiyo maana haing'ai na inaonekana ina kina.

Kwenye ukuta uliokwisha kupakwa rangi ya plastiki, chokaa haishiki hivi hivi. Unahitaji kwanza praima ya madini, yaani rangi ya kutangulia, ile yenye chengachenga, ili chokaa ipate pa kushika. Nilivaa glavu na miwani, kwa kuwa chokaa mbichi ina ukali wa kuunguza ngozi na ni hatari zaidi kwa macho. Brashi ni pana, ya manyoya marefu. Rula hapa haina kazi. Unapaka kwa mipigo mifupi ya brashi inayokatana, mara kulia mara kushoto, na ukingo lazima ubaki mbichi mpaka umalize ukuta wote, la sivyo pale ulipopumzika patabaki na mstari utakaouona kila siku. Mkono wa kwanza uliniogopesha, mabaka matupu. Mkono wa pili ukayaunganisha, yakawa mawingu.

Chokaa ikiwa mbichi ni nyeusi sana kuliko itakavyokuwa. Nilipaka kwanza vipande vitatu vya ubao, nikaviacha mpaka siku ya pili, nikavisimamisha nyuma ya kochi jioni. Kile nilichokuwa nimekipenda kwenye kadi kikakauka na kuwa pinki. Nikachukua kilichokolea zaidi, na kikavu chake ni udongo mwepesi, kati ya kahawia na kutu.

Mtindo mwingine unaozungumzwa sana ni kuzamisha chumba chote katika rangi moja: kuta, milango, mbao za chini ya ukuta, hadi dari. Nimeona picha zake na nakubali inatuliza, hasa chumba chenye kona nyingi. Mimi nimeishia nusu ya njia. Fremu ya mlango na mbao za chini zimefuata rangi ya ukuta, dari nimeiacha nyeupe, kwa kuwa taa za chini zinategemea dari irudishe mwanga chumbani.

Ukuta ulipokauka kochi likabadilika. La kijivu likawa la bluu, wala si utani, mgeni wa kwanza kuingia aliniuliza nimenunua lini kochi jipya. Jambo hili lina mwenyewe: Michel Eugène Chevreul, mkemia wa Ufaransa aliyesimamia idara ya kutia rangi nyuzi kwenye karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins. Alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akazipima, akakuta hazina kasoro. Zilififishwa na rangi zilizowekwa jirani. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1839. Macho hayapimi rangi peke yake, yanailinganisha na iliyo kando, na kijivu kikikaa karibu na rangi inayoelekea ya machungwa kinasukumwa kuelekea bluu. Kwa hiyo sikupaka upya wala sikununua kochi. Nimetandika blanketi la kahawia kwenye mgongo wa kochi, likawa mpaka kati ya ukuta na kijivu, na ule ubluu ukatulia.

Oktoba mwanzoni: vitambaa

Bukle bado ipo kila mahali. Ni uzi wenye vitanzi vidogo vidogo, na viti vyake si vya leo: kile kiti cha msanifu Eero Saarinen kiitwacho Womb, kilichoingia sokoni kupitia kampuni ya samani ya Knoll mwaka 1948, kimezoeleka kikiwa kimevalishwa bukle. Kwa macho ninaipenda. Kwa maisha ya nyumbani, vile vitanzi vinanaswa na pete, zipu, na kucha za paka, na mimi nina paka. Nimejiruhusu foronya moja, basi.

Mahameli ndiyo iliyonipa raha. Pitisha kiganja upande mmoja inang'aa, rudisha inakuwa nyeusi, kwa sababu manyoya yake yote yamelalia upande mmoja. Fundi wa foronya nilimwambia vipande vyote vielekee chini. Akacheka, "Hilo ndilo la kwanza tunalofundishwa, bosi wangu." Foronya ni mbili, za zeituni iliyokolea, na kwenye taa ya 2700 kila mkunjo unaonyesha rangi tatu.

Anayetaka kuvalisha kiti upya aulize namba ya Martindale. Ni mashine inayosugua kitambaa mpaka kianze kuharibika, na kwa kiti cha matumizi ya kila siku nyumbani hutafutwa kuanzia misuguo 15,000, vizuri zaidi 25,000. Mahameli ya mapambo inaweza kuwa chini ya hapo, na muuzaji hatakwambia usipouliza.

Mito yenyewe: foronya ya sentimita 45 itiwe mto wa 50. Ukitia wa 45, pembe zinabaki tupu na mto unasinyaa. Katalogi zinapanga mito saba kwenye kochi la watu watatu. Watu watakaa wapi?

Oktoba katikati: meza na kabati

Hapa nimepita haraka. Bakuli mbili za udongo zenye glezi ya kijani inayogeuka kahawia ukingoni, chombo cha maua cha glasi ya kaharabu, trei ya travatini. Travatini ni jiwe linalojengwa na maji ya chemchemi yenye chokaa, ndiyo sababu lina vitundu, na Warumi walilijengea Colosseum. Halipatani na limau wala siki. Tone moja likikaa linaacha doa lililopoteza mng'ao, na doa hilo halifutiki kwa kitambaa. Juu ya trei ninaweka mishumaa tu, tambi zikiwa zimekatwa hadi kama milimita 6 ili zisitoe moshi.

Matawi makavu sijayanunua. Nilichukua mikalitusi mibichi, nikaisimamisha kwenye gliserini sehemu moja na maji ya moto sehemu mbili. Matawi yanakunywa mchanganyiko huo taratibu, majani yanakuwa ya kahawia yenye mafuta mafuta, yanapinda bila kuvunjika. Yale yaliyokaushwa kwa hewa tupu yanamwaga unga kila ukipita karibu.

Mwisho wa Oktoba: pazia, bado

Kitambaa kimefika, kitani kizito cha rangi ya ganda la yai, na bitana yake. Kwa dirisha la mita 1.6 nimeagiza upana wa mita 4, yaani mara mbili na nusu, kwa kuwa kitani kikipunjwa upana kinaning'inia kama shuka. Fimbo itafungwa sentimita 15 juu ya fremu na kuzidi sentimita 20 kila upande, ili mchana pazia lisimame ukutani na kioo kibaki wazi chote.

Fundi anataka kukata leo. Nimemwomba asubiri, kitani kifuliwe kwanza na kukauka, kwa maana kikifuliwa kinaruka, yaani kinapungua. Pindo la chini litapimwa baada ya pazia kuning'inia siku kadhaa, maana kitani kizito hushuka kidogo kwa uzito wake. Nikishalitundika nitarudi kwenye taa ya kusimama: kofia yake ni nyeupe, na kuna ya kitani cha kahawia niliyoiona, ila sijui itakula lumeni ngapi.