Nimerudi Mukurwe-ini, nikamkuta Nyaatha

Tangu nirudi Mukurwe-ini, huku Nyeri, kutoka ng'ambo, majirani wanataka kusikia habari za theluji na mishahara. Mimi nataka kuzungumza juu ya Nyaatha. Ndivyo Wakikuyu wa huku walivyomwita Sista Irene Stefani, kwa huruma yake, na kwa mama yangu ni kama mtu wa ukoo.

Kwa wasiomjua: alizaliwa Anfo, Italia, mwaka 1891, akajiunga na Masista Wamisionari wa Consolata kule Turin, akafika Mombasa mwanzoni mwa 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeshawaka. Akapelekwa kwenye hospitali za kijeshi, Voi kwanza, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Waliolazwa humo ni wapagazi, Waafrika waliotolewa vijijini kwao wakabebeshwa mizigo ya jeshi hadi miili ikashindwa. Inasimuliwa kwamba kule Kilwa mgonjwa mmoja alidhaniwa amekufa, akatupwa ufukweni pamoja na maiti. Sista akaenda kumtafuta, akawapekua mmoja mmoja mpaka akampata, bado anapumua.

Ukoo wetu una babu aliyechukuliwa kwa vita hivyo. Hatuna kaburi la kuonyesha.

Baada ya vita aliletwa Gikondi, hapa hapa kwetu, akakaa kuanzia 1920 hadi alipofariki. Anayeijua Mukurwe-ini anajua kwamba huku hakuna tambarare: ukimaliza kilima unashuka mtoni, ukivuka unaanza kingine. Alivipanda kwa miguu akifuata wagonjwa nyumba kwa nyumba, na bado kulikuwa na shule ya kufundisha.

Lakini kinachonigusa mimi ni barua. Vijana walikuwa wameanza kuondoka kwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, na wazazi waliobaki hawakujua kusoma. Walimwendea sista. Aliandika walichotaka kusema, na jibu likifika aliwasomea. Mahubiri niliyoyasikia utotoni yalipita hapo haraka ili yafike kwenye miujiza, na naona yaliruka sehemu nono. Mtu aliyewahi kuishi mbali anaelewa. Miaka yote niliyokuwa nje, ujumbe wangu kwa mama ulisomwa na binti wa jirani, na yeye ndiye aliyeandika majibu. Pesa nilituma, ndiyo, na zilifika kwa dakika moja. Ila bila msichana huyo mama angebaki na pesa bila mtoto.

Sista Irene alikufa tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na miaka 39. Tauni ilikuwa imeingia, akamuuguza mwalimu aliyeshikwa nayo, ikampata na yeye. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenyeheri, hatua ya mwisho kabla ya kutangazwa mtakatifu, mjini Nyeri, ibada ya kwanza ya aina hiyo nchini Kenya, ikiongozwa na Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam. Mama alikuwepo, kwenye umati na matope. Mimi nilikuwa kazini, nikaibia vipande kwenye simu.

Muujiza uliokubaliwa na Kanisa ili atangazwe ulitokea Nipepe, Msumbiji, Januari 1989. Watu waliojificha kanisani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe walimwomba, na maji kidogo ya kwenye kisima cha ubatizo yakawatosha kwa siku kadhaa. (Kuna wazee hapa ambao hawajasamehe kwamba muujiza haukutokea Gikondi.)

Sasa jumuiya ya mama imenipa kazi. Jumamosi wanawatembelea wagonjwa, wanabeba unga na sukari, wanafua, wanachota maji. Kwa kuwa mgongo wangu hauwezi ndoo, nimeambiwa nikae na wazee niwaandikie watoto wao walioko nje. Nilifikiri ni kazi nyepesi. Cucu mmoja, yaani bibi mzee, alinishikilia karibu saa nzima kwa ujumbe wa kijana wake: ng'ombe amezaa, kahawa imelipwa vibaya, shangazi yake ameolewa tena, na uzee huo!

"Mwanangu, umeandika kwamba miguu imekataa kutembea?"

"Hujaniambia, cucu."

"Basi usiandike. Ataacha kazi bure."

Nikamsomea yote, akaridhika. Kisha akaniomba nifungue tena, akaongeza kwamba kama atakuja Disemba, asije na viatu vya kuchuchumia kama vya mwaka ule, aje na dawa ya kuchua. Ya miguu.

Hiyo nimeiandika.