Nilivyofanya utafiti wa vinasaba vya moyo na saratani nikiwa hapa hapa Mwanza

Jamani nina furaha kubwa, na hasira pia, manake kuna watu walinipotezea muda mrefu kwa ushauri wao. Swali langu lilikuwa moja: ule ugonjwa wa moyo kupiga hovyo, fibrilesheni ya atria, yani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kudunda, je unaleta saratani au hivi viwili vinakutana tu kwa mgonjwa mmoja?

Ushauri wa kwanza: kahesabu mafaili. Nikahesabu, na kweli wenye moyo huo walikuwa na saratani nyingi, ila ukiangalia tarehe unashtuka, nyingi ziligundulika muda mfupi tu baada ya moyo kugundulika. Mtu anaanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda, uvimbe uliojificha kwenye utumbo unavuja damu, anapelekwa kwenye kamera, saratani hiyo hapo, na ilikuwepo kitambo. Marekani nako mwaka 2016 waliofuatilia wanawake zaidi ya 34,000 waliona hivyo hivyo, miezi 3 ya kwanza ndo hatari ilikuwa juu kabisa. Halafu kuna dawa za saratani kama ibrutinibu ambazo zenyewe zinavuruga mapigo. Sasa faili litakwambiaje nani kaanza?

Vinasaba vinajibu, kwasababu unavipata mimba ikitungwa, kama kura, kabla ya uvimbe, kabla ya dawa, kabla ya sigara. Unachukua alama, yani sehemu ndogo za vinasaba ambazo watu tunatofautiana, zinazoongeza uwezekano wa moyo kupiga hovyo, mfano ile ya karibu na jeni PITX2 kwenye kromosomu ya 4 iliyopatikana Iceland 2007, unaangalia kama waliozirithi wanapata saratani zaidi.

Hapo nikaambiwa "mdogo wangu, hiyo inataka maabara ya mamilioni." Sio kweli! Data zipo wazi. Za moyo zilitoka 2018, wagonjwa 60,620 na wasioumwa 970,216, za saratani ya matiti 2017, wagonjwa 122,977. Bando ilinila kama elfu hamsini hivi, nilishusha usiku nikiwa Nyegezi umeme ukiwepo.

Faili lenyewe lina mistari mamilioni, kila mstari ni alama moja, na laptopu yangu ni ya gigabaiti 4. Usijaribu Excel, inaishia mstari wa 1,048,576 halafu zinazobaki hazionekani. Mimi sikulifungua kabisa, niliandika orodha ya alama zangu kwenye kafaili kadogo, nikatumia komandi inayopita ndani ya faili likiwa limezipiwa vile vile inatoa mistari yangu tu. Nikaenda kula sato, narudi nakuta kazi imeisha, kafaili kenyewe kanaingia hata kwenye WhatsApp.

Lililoniudhi zaidi ni hili. Alama zilizokaa jirani zinarithiwa pamoja, kwahiyo unabakiza moja kila eneo, na kujua zipi ni majirani unahitaji sampuli za vinasaba vya watu za kulinganishia. Kaka mmoja akasisitiza nitumie za Waluhya wa Webuye, Kenya, ati sisi ni Waafrika. Kaka yangu, data zimetoka kwa watu wa asili ya Ulaya, ujirani wa alama zao sio wa kwetu! Sampuli zifuate data, sio mtafiti. Na kwasababu hiyo hiyo, matokeo haya huwezi kumbebea mgonjwa wa Sengerema moja kwa moja, data zetu zinahitajika na ni haki yetu kuzidai.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyenidokeza ni kimo. Watu warefu wanaugua zaidi moyo huu, na saratani kadhaa pia wanapata zaidi, kwahiyo alama inayokurefusha inaweza kufika kwenye saratani bila kupita moyoni hata kidogo. Weka kimo kwenye hesabu, usiruke.

Na kabla ya kugusa saratani nilipima njia yangu kwa kiharusi kinachotokana na damu kuganda moyoni, manake hicho kinajulikana wazi kinaletwa na ugonjwa huu. Kikajitokeza, tena kwa nguvu, nilipiga kelele nyumba nzima wakaamka. Ndo nikaendelea na matiti, matokeo tunayaandika na mwalimu wangu kwahiyo siyamwagi hapa. Sasa hivi nageuza swali, naanza na vinasaba vya saratani naelekea moyoni, skripti ni ile ile, nabadilisha tu majina ya mafaili.