Nilivyoandaa kozi ya mtandaoni kwa wanafunzi wa tamaduni mbalimbali

Nilipopewa kazi ya kuandaa kozi ya Kiswahili mtandaoni kwa wanafunzi walioko Japani, Ujerumani, Marekani na Oman, mshauri mmoja aliyelipwa vizuri kuliko mimi alinisisitizia niondoe kila chenye harufu ya utamaduni, asije akaudhika mtu. Nilimtii, nikaishia na mazungumzo ya watu wasio na kwao wala jiko, wakiulizana bei ya kalamu.

Kilichonikera zaidi ni agizo lake kwamba jukwaa la majadiliano liachwe wazi, kwa kuwa watu wazima hujiongoza wenyewe. Mmarekani mmoja alishusha aya nne wakati Osaka wamelala, na waliomfuata wakabaki kuandika kwamba wanakubaliana naye. Wajapani walinyamaza kimya, na Waomani wenye asili ya Zanzibar, waliorithi Kiswahili nyumbani bila kuzoea kukiandika, wakanitumia majibu faraghani. Mshauri alidai kwamba hizo ndizo tabia zao. Sikumkubalia, maana mkimya kuliko wote alikuwa Mmarekani mwingine.

Moodle, programu tuliyoitumia, ina jukwaa la aina ya maswali na majibu, ambalo humficha mwanafunzi majibu ya wenzake mpaka aweke la kwake. Nilihamia huko, nikaruhusu majibu ya sauti, na swali la kwanza nikalitoa jikoni: mgeni amebisha hodi bila taarifa, na chakula kilichopo kinatosha watu wawili tu, utasema nini? Hapo ndipo kozi ilipochangamka. Mama mmoja wa Muscat, kwa lafudhi ya Unguja, alijibu kwamba karibu husemwa kwanza na sahani huhesabiwa baadaye. Kijana wa Ujerumani akauliza kama mgeni huyo hana simu. Na binti wa Osaka, ambaye hakuwa amewahi kuandika neno, akaleta majibu mawili, moja la kutamka na jingine la kusemea moyoni.

Gharama haikunitisha: kipaza sauti cha shilingi elfu hamsini na kidogo, pamoja na bando ambazo sikuzihesabu. Siku ya kukusanya kazi niliitoa Jumapili nikaiweka Jumamosi, kwa sababu tangu mwaka 2013 mapumziko ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili watu wako kazini. Jina la mwezi nalo liandikwe kwa herufi, kwani 4/7 ni Aprili 7 kwa Wamarekani na Wajapani, lakini kwa Wajerumani, kama kwetu, ni Julai 4.