Alama ya kutoa mbele ya mabano

Lamu, Jumapili usiku

Ukipitia madaftari ya hesabu ya watoto wa hapa Langoni, utaona wengi hawaangushwi na ugumu wa swali. Huangushwa na haraka. Mistari inarukwa, jibu linaandikwa, daftari linafungwa.

Chukua mlinganyo huu: 5 − 2(x − 3) = 1. Kuna anayeanza kwa kutoa 2 kwenye 5, akaandika 3(x − 3). Hapo ameshapotea, kwa sababu ile 2 inazidisha mabano, na kuzidisha hutangulia kutoa. Kosa sugu zaidi ni la anayefungua mabano akapata 5 − 2x − 6. Alama ya hasi ameikumbuka kwa x, akaisahau kwa 3. Hasi mara hasi ni chanya, basi ni +6:

5 − 2x + 6 = 1
11 − 2x = 1
−2x = −10
x = 5

Kufika mstari wa tatu tumetoa 11 pande zote mbili. Mtoto na aambiwe hivyo hivyo, asiambiwe tu kwamba namba "inavuka na kubadilisha alama". Aliyezoea kuvusha huivusha hata ile −2 inayozidisha x, akaandika x = −10 + 2, yaani −8, ilhali ilitakiwa kugawanya.

Kisha jibu lirudishwe kwenye swali: 5 − 2(5 − 3) = 5 − 4 = 1. Limekubali. Aliyeandika −6 atapata x = −1, na akilirudisha ataona 13 badala ya 1. Ni kazi ya nusu dakika, na inasikitisha kuona inavyoachwa.

Kwenye takwimu, balaa ni jedwali la marudio, yaani lile linaloonyesha kila namba imetokea mara ngapi. Tuseme mashua 15 zimetia nanga na samaki: 3 zina kilo 2 kila moja, 5 zina kilo 3, 4 zina kilo 4, 2 zina kilo 5, na moja imebahatika kilo 30. Wengi hujumlisha 2, 3, 4, 5 na 30, wakagawanya kwa 5, wakapata 8.8. Wamegawanya kwa idadi ya safu wakasahau mashua. Kila uzito uzidishwe kwanza kwa marudio yake: 6 + 15 + 16 + 10 + 30 = 77. Gawanya kwa 15, wastani ni kilo 5.13 hivi.

Lakini tazama: mashua 14 hazikufika huko. Ile moja ya kilo 30 imeuvuta wastani juu peke yake. Namba ya katikati ndiyo inayoeleza siku ya mvuvi wa kawaida. Panga kuanzia ndogo, hesabu hadi ya 8: ni kilo 3. Zikiwa mashua 14, hakuna moja ya katikati. Chukua ya 7 na ya 8, jumlisha, gawanya kwa 2.