Siku yangu na dishi la kisiwani, Ukerewe

Saa 11 alfajiri, Nansio. Radi imenguruma ziwani usiku kucha. Kwenye simu nakuta ujumbe wa jana jioni kutoka kwa muuguzi wa zahanati ya kisiwani. Alilazimika kupanda kilimani, mahali pekee ambapo mtandao wa simu hushika kwa kubahatisha: "Kaka, dishi limekufa, leo siku ya tatu. Taarifa za mwezi hazijaenda."

Mimi ni fundi wa intaneti ya setilaiti. Wilaya yetu ina visiwa 38, na kwenye baadhi ya vile vidogo vya nje simu hushika mwambani tu, tena ukiinua mkono. Huko ndiko kazi yangu iliko.

Saa 12 na nusu. Spana, dira, kipimo cha pembe, kebo ya akiba, mfuko wa saruji. Jaketi okozi nalivaa nikiwa bado mchangani. Septemba 2018 MV Nyerere ilizama karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Hapa kwetu hakuna asiyekumbuka alikuwa wapi siku ile.

Saa 3. Mitumbwi ya dagaa imesharudi, akina mama wanaanika. Mwalimu ananipokea mkoba, tunapanda hadi zahanati.

Dishi likifa, mimi huanza na betri, kwa sababu mara nyingi ugonjwa uko hapo. Mtambo wetu unakula kama wati 40. Ukiuacha mchana na usiku unamaliza karibu wati-saa 960, na betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inabeba 1,200, ambazo ukizimaliza zaidi ya nusu kila siku unaiua betri. Ndiyo maana tuna mbili, na usiku tunazima. Leo betri ni nzima. Kebo nzima. Kwenye mdomo wa kipokezi nyigu hupenda kujenga. Leo hamna kitu.

Ndipo nikaiona kamba. Mtu ameifunga kwenye nguzo ya dishi ili kuanikia nyavu.

Wavu uliolowa ni mzito. Nguzo imelala kidogo sana, kwa macho huwezi kugundua. Lakini setilaiti tunayoitumia iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, inazunguka sambamba na dunia ndiyo maana tunaiona imesimama, na digrii moja hapa chini ni zaidi ya kilomita 600 kule juu. Dishi letu lilikuwa linatazama anga tupu.

Nilipochimba chini ya nguzo nilikuta zege la ndoo moja, kwenye mchanga. Hili linaniuma. Kampuni iliyofunga dishi ilikuja siku moja, ikapiga picha na watoto wa shule, ikaondoka. Hakuna mtu hata mmoja kisiwani aliyeonyeshwa swichi iko wapi. Fedha zote zilikwenda angani, ardhini hawakuacha kitu.

Kuna binti hapa aliyemaliza kidato cha nne, anachaji simu za watu kwa sola yake. Leo nilimpa spana yeye. Tulichimba hadi kiunoni, tukajaza mawe na zege, tukaikaza nguzo kwa waya tatu mpaka zege likauke. Kisha akaanza kuitafuta setilaiti.

"Kidogo tu. Sasa subiri. Modemu inachelewa kusoma, ukiharakisha utaipita."

Aliipita mara nne. Mara ya tano namba ya nguvu ya mawimbi ikapanda, akaganda na spana mkononi, haondoi jicho. Nikamwambia kaza nati moja moja, kwa zamu, usikaze upande mmoja.

Saa 7. Kwa mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi ufukweni. "Shikamoo mzee." "Marahaba, fundi." Nikamweleza habari ya kamba. Akanyamaza, kisha: "Tuliona ni nguzo ya serikali, imara." Akatuma vijana wachimbie miti ya nyavu pembeni. Yeye mwenyewe anaingojea intaneti irudi: utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa anausomea manahodha kabla hawajatoka.

Saa 8. Taarifa za mwezi zimekwenda. Muuguzi akapiga simu hospitali ya wilaya papo hapo, kuna mama mjamzito kalala ndani, presha 160 kwa 110, kichwa kinamuuma. Kwa setilaiti ya mbali sauti inasafiri karibu kilomita 72,000 ndipo isikike, na jibu vivyo hivyo. Kati ya swali na jibu inapita karibu nusu sekunde. Watu wanakatizana. Nilikuwa nimemfundisha: ukimaliza, nyamaza kidogo. Alisema, akanyamaza. Daktari akamwelekeza dawa ya kumpa, akasema aletwe leo, si kesho.

Naulizwa sana kuhusu setilaiti za chini, zile za kilomita kama 550, ambazo wenzetu Kenya wanazipata kupitia Starlink tangu Julai 2023. Ucheleweshaji huo zinaupunguza sana, na ningefurahi kufunga madishi yake. Lakini dishi lake la kawaida linakula umeme zaidi ya hili letu, na nguzo itahitaji zege lilelile.

Saa 9. Upepo wa mchana umeamka, nahodha hakuupenda. Tulimlaza mama katikati ya mtumbwi, dada yake akamshika kichwa, tukaenda taratibu tukiambaa na ufuko palipowezekana.

Saa 12 jioni. Wakunga walikuwa mlangoni wakimsubiri.

Saa 3 usiku. Ujumbe kutoka kwa binti: "Fundi, radi inakuja. Nazima sasa hivi, nachomoa na kebo. Nguzo haijacheza."

Nikamjibu. Tiki moja tu. Amezima kweli.