Krona 2,400 kwa kayaki iliyosimama ukutani

Bili imefika: krona 2,400. Sababu iliyoandikwa ni kuondoa na kuhifadhi kitu kilichowekwa pasipo ruhusa. Kitu chenyewe ni kayaki yangu, kimtumbwi chembamba cha plastiki ngumu, mita nne na ushee, niliyoinunua mtumba huko Södertälje, hapa Sweden. Ipigeni wenyewe hiyo hela kwa madafu. Pale kwetu Nansio, Ukerewe, fundi mtumbwi angekuwa ameshachukua advansi, mbao na misumari ziko uani, na pamba ya kukalafati imewekwa kivulini. Mimi nimelipishwa kwa sababu chombo kimesimama ukutani kwenye chumba cha baiskeli.

Na ruhusa nilikuwa nayo. Msimamizi wa jengo nilimfuata mwenyewe, akaja akapima kwa macho, akasema pale pembeni hapazuii mtu. Ngazi na korido sikuzigusa, maana najua sheria ya moto hapa Sweden haina mzaha na mimi naiheshimu. Msimamizi yule akahamishwa. Wiki chache baadaye ikabandikwa karatasi juu ya kayaki: hapa si bandarini. Haina jina. Ikafuata ya pili, nayo haina jina. Halafu nikashuka asubuhi nikakuta ukuta mtupu.

Hela nitailipa au nitaipinga, hiyo ni kazi ya barua. Donge langu ni majirani. Watu tunaopanda nao lifti kila siku, wanaojua wanangu wanasoma wapi, hakuna hata mmoja aliyebisha hodi kuniambia kwamba chombo kinamkera. Kwetu jirani akiudhiwa na mtumbwi wako atakuja, atakaribishwa, atauliza habari za watoto na za mvua, na shida yake ataitaja chai ikiwa nusu kikombe. Mtabishana, pengine kwa sauti. Lakini utajua ni nani na amekasirikia nini. Huku karatasi inabandikwa watu wamelala, na asubuhi aliyeibandika anakusalimia kwa tabasamu. Nimeishi nchi hii muda wa kutosha kujua kwamba kwao huo ndio ustaarabu, kutomsumbua mtu mlangoni. Bado sijaukubali, na sidhani kama nitaukubali.

Mnaotaka kuja huku, shikeni hili mapema. Vitu si ghali kama mnavyodhani, kilicho ghali ni nafasi. Watu wanagawa makochi mazuri bure mtandaoni kwa kuwa hayana pa kukaa. Stoo unayopewa na fleti ni kizimba cha waya chini ya jengo, ukishaweka mabegi mawili na baiskeli ya mtoto kimejaa. Ukiniuliza bei ya kayaki nitakwambia, lakini swali la kwanza ni moja tu: italala wapi?

Kwa sababu maji yenyewe hayana geti, na hapa lazima niwasifu hawa watu bila choyo. Wana haki ya zamani inayoitwa allemansrätten, na Katiba yao inaitaja. Mtu yeyote, mwenyeji au mgeni aliyeshuka ndege jana, anaruhusiwa kupita msituni na majini, kushuka ufukweni, kupiga hema usiku mmoja, kuchuma uyoga na matunda ya porini. Masharti ni kutosogelea nyumba ya mtu, kutoharibu, na kutoingia visiwa vilivyofungwa majira ya ndege kutaga. Kayaki haina leseni wala kusajiliwa. Hakuna ofisa wa kukuuliza risiti ufukweni. Mbele ya Stockholm, upande wa bahari, kuna visiwa kama 30,000, na upande wa pili ni Mälaren, ziwa la tatu kwa ukubwa nchini. Mimi nimezaliwa Ukerewe. Nilipoiona ramani hiyo mara ya kwanza nilijua chombo lazima kipatikane.

Vilabu vya kayaki vina mabanda mazuri kando ya maji, lakini vingi vya mjini foleni ya kupata nafasi bandani ni ya miaka. Ndipo akatokea bibi mmoja wa ghorofa ya chini, umri wa mama yangu mkubwa. Yeye peke yake katika jengo zima alibisha hodi. Alisikia habari ya kayaki kuondolewa, akasema ni aibu, akaniambia nimfuate stoo. Akavuta mifuko miwili ya turubai. Ndani yake mlikuwa na mbao nyembamba zenye vifungo vya chuma, na gamba la kitambaa na mpira lililokunjwa. Ni chombo cha marehemu mumewe, Klepper ya Ujerumani. Tulikiunga uani, yeye akinielekeza ubao upi unaingia wapi, na mbele yangu ikasimama kayaki ya watu wawili. Akaniachia kiangazi kizima. Krona moja hakutaka. Alichotaka ni kwamba nikikaushe kabla ya kukirudisha mfukoni. Waswidi wote huitana kwa jina la kwanza, lakini mdomo wangu ulikataa, namwita Mama mpaka leo, na amezoea.

Baada ya hapo nilikaa kusoma asili ya vyombo hivi. Kayaki yenyewe ni ya watu wa Aktiki, Wainuiti na jamaa zao, waliovisha ngozi ya sili juu ya fremu ya miti iliyoletwa na mawimbi au mifupa ya nyangumi. Ya kukunjwa ilianza Ujerumani. Mwaka 1905 mwanafunzi wa usanifu majengo mjini Munich, Alfred Heurich, alitengeneza moja ya kubebeka na akaiteremsha mto Isar. Mwaka 1907 fundi cherehani Johann Klepper akainunua hataza na kufungua kiwanda Rosenheim. Watu wa mjini wakawa wanapanda treni na boti yao kwenye mfuko. Mwaka 1956 daktari Mjerumani, Hannes Lindemann, alivuka Atlantiki kwa Klepper, siku 72. Na hili naliandika kwa fahari: mwaka mmoja kabla, daktari huyohuyo alikuwa ameshavuka bahari hiyohiyo kwa mtumbwi wa gogo uliochongwa Liberia. Mkono wa fundi wa Afrika ulifika Karibi kabla ya kitambaa cha Rosenheim. Watoto wangu nimewasimulia habari hiyo ili siku wakiambiwa shuleni kwamba maji si mchezo wa watu wetu, wawe na la kujibu.

Aina ya tatu ninayoipenda imetoka San Francisco. Msanifu majengo Anton Willis alihamia fleti ndogo, kayaki yake ikakosa pa kukaa, akaanza kukunja karatasi mpaka akapata umbo. Kampuni yake, Oru, ilianza mwaka 2012 kwa michango ya wanunuzi mtandaoni. Ni shiti moja ya plastiki yenye matundu katikati, ile ya mabango, lakini ngumu zaidi, inakunjwa ikawa kama sanduku. Wenyewe wanasema inavumilia kukunjwa mara 20,000. Ndogo yao ina futi 9 na kilo kama 8. Mimi nimechukua ya futi 12, kilo kama 12, mtumba, maana ikiwa mpya unazungumzia zaidi ya krona elfu kumi. Inakaa kabatini nyuma ya makoti. Kutoka mlangoni naiweka begani, treni hadi Bredäng, natembea kushuka mpaka majini, na mbele yangu ni kisiwa cha Kungshatt.

Wengi mtaanza na ya kujaza upepo kwa sababu ya bei, na sina ubaya nayo, ila jueni mnachonunua. Zile za bei ya chini kabisa ni mirija laini ya plastiki, shinikizo la upepo wake ni paundi moja au mbili tu kwa inchi ya mraba. Ukikaa, sakafu inabonyea, chombo kinakaa mkao wa ndizi, na kila ukipiga kafi omo (mbele ya chombo) inayumba kushoto na kulia. Kwa bwawa tulivu na watoto, inatosha. Kwa Mälaren, ambako meli za mizigo na boti za abiria za Drottningholm zinapita, haitoshi. Tafuta yenye sakafu ya nyuzi: tabaka mbili zilizounganishwa ndani kwa nyuzi maelfu, inajazwa hadi paundi 8 au 10 na inakuwa ngumu, unaweza kusimama juu yake. Iwe na vyumba vya hewa visivyopungua vitatu, ili kimoja kikitoboka urudi nchi kavu, na pezi chini ya tezi (nyuma ya chombo) la kushika njia. Adui yake ni upepo wa ubavuni, maana inaelea juu juu. Adui wa pili ni unyevu. Ukiikunja mbichi, baada ya wiki mbili kabati zima linanuka uvundo.

Ziko pia za vipande, kampuni ya Point 65 ya hapahapa Sweden imezitengeneza, unaunganisha omo, katikati na tezi kwa vifungo. Majini zinatulia vizuri sana. Lakini kila kipande kina uzito wake na ukubwa wake, na kwa mtu wa treni sioni faida. Mwenye gari na gereji aangalie hizo.

Za kukunjwa zina jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Ndani ni wazi kutoka omo hadi tezi, hakuna vyumba vilivyozibwa kama kwenye kayaki ngumu. Ikipinduka inajaa maji yote, na wewe mmoja huwezi kuikomboa. Nunua mifuko ya hewa ya kuweka mbele na nyuma, siku ileile, usiseme mwezi ujao.

Sasa baridi, na hapa nawaomba watu wa ziwa na watu wa pwani mnisikilize kwa makini, kwa sababu ujuzi wetu ndio unaotudanganya. Ziwa letu ukiangukia mwezi wowote ni vuguvugu, nyuzi 25 au karibu na hapo. Hapa mwezi wa Mei jua linawaka, hewani nyuzi 20, Waswidi wamevua mashati, na maji bado yako chini ya nyuzi 10. Wataalamu wana kanuni ya 1-10-1. Dakika 1 ya kwanza unavuta pumzi kwa nguvu bila hiari yako, na ukivuta maji umekwisha, hata uwe muogeleaji wa aina gani. Dakika kama 10 zinazofuata mikono bado inakutii, baada ya hapo vidole havifungi hata kamba. Saa 1 hivi, fahamu inapotea. Kwa hiyo vaa nguo ya kufaa maji, usivae kwa kuangalia jua. Suti ya mpira mpaka Juni, na usiache kuona ufukwe.

Sheria ya Sweden haimlazimishi mtu kuvaa jaketi okozi kwenye boti ya starehe. Nyumbani kwangu ni sheria. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, watu wanaiona kutoka nchi kavu, na waliokufa walizidi 200. Mtu wa Ukerewe hahitaji kuelezwa zaidi. Jaketi linavaliwa na kufungwa kabla mguu haujagusa chombo, na asiyetaka anabaki ufukweni na chapati zake.

Wala kusiwe na kisingizio cha hela. Kuna kitu kinaitwa Fritidsbanken, kilianzia Deje huko Värmland mwaka 2013 na sasa vituo vimezidi mia nchini. Unaingia, unachukua jaketi okozi, viatu vya barafu, chochote cha michezo kilichopo, siku 14, bure. Hawakuulizi mshahara wala kibali cha kuishi. Mara ya kwanza nilisimama pale na jaketi nne mkononi nikisubiri kuambiwa bei. Nchi hiyohiyo iliyonitumia bili.

Kuogelea nako: watoto wakifika darasa la sita shule inataka waweze mita 200, 50 kati yake chali. Sisi wazazi ndio tumeachwa nyuma. Manispaa nyingi zina masomo ya watu wazima, jiandikisheni, kina mama msione haya. Na kabla ya kununua chochote chukua kozi ya Paddelpasset ya shirikisho lao la kayaki. Ina ngazi za rangi, na ya kijani ndiyo inakufundisha kupinduka na kujiokoa. Kwa sisi tuliozoea kafi la bapa moja kuna kazi ya kuzoea la mabapa mawili, mabega yanataka kufanya kila kitu. Nguvu itoke kiunoni, kiwiliwili kigeuke.

Msimu wa kununua mtumba ni Septemba na Oktoba, watu wanapoanza kugundua kwamba stoo zao zimejaa. Angalia Blocket, tovuti ya matangazo ya mtumba, kila jioni. Ya kukunjwa, ikunjue yote mbele ya muuzaji na utazame mistari ya mikunjo: weupe mwembamba ni kawaida, ufa ni kuondoka. Ya upepo, ijaze, mwombe akuache nayo saa nzima, na upake vali maji ya sabuni uone povu. Inuse ndani. Hesabu pampu, pezi na mifuko ya hewa, na akikosa kimojawapo shusha bei hapohapo.