Jinsi ninavyoondoa flaksi kwenye bodi, siyo kuitandaza tu

Kontrola ya sola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri, iliyonipa funzo la kazi hii ililetwa kutoka Pangani, ikiwa imeshapita mikononi mwa fundi mwingine. Mchana ilisoma betri sawasawa. Alfajiri, unyevu wa masika ukiwa bado hewani, ilisoma volti pungufu na kukata taa za watu. Rezista zilipima vizuri, lehemu ilikuwa imeshika. Nilipopitisha kidole upande wa chini wa bodi ya saketi, kikanata: flaksi, ile dawa inayopakwa ili lehemu ishike, ilikuwa imeachwa pale.

Flaksi ya rojini hutokana na utomvu wa msonobari. Ikipata moto wa kutosha hupoa ikawa ngumu na haina madhara makubwa. Balaa ni ile iliyopakwa kwa wingi isiive: asidi zake hubaki na nguvu, hunyonya unyevu, na umeme ukapata upenyo kati ya njia mbili za shaba. Kwenye njia za umeme mkubwa hutaona tofauti. Lakini penye rezista za laki kadhaa za omu, kama pale kontrola inapopimia betri, upenyo mdogo tu hupotosha usomaji.

Sitii thina ya rangi wala asetoni. Zote mbili zinaweza kulainisha plastiki za soketi. Natumia alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99. Ile ya 70 ina maji mengi, hukauka taratibu na mara nyingi huacha ukungu mweupe. Mvuke wa alkoholi hushika moto upesi, kwa hiyo pasi ya kulehemu iwe imezimwa na kupoa, betri imechomolewa, dirisha wazi.

Sasa, jambo lenyewe. Wengi humwaga alkoholi, wakasugua kwa mswaki, wakaacha ikauke. Alkoholi inaruka, flaksi haina pa kwenda. Imesambaa bodi nzima, nyembamba zaidi tu. Mimi nalowesha sehemu ndogo, nasugua, na kabla haijakauka nalaza kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi juu yake, kisha nasugua juu ya kitambaa kwa mswaki uliolowa. Uchafu unanyonywa na kitambaa. Nabandua, nageuza upande safi, narudia hadi kisitoke tena na umanjano. Mwisho naisuuza bodi kwa alkoholi mpya nikiwa nimeiinamisha, alkoholi itiririke mbali na rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) na swichi za kawaida, maana flaksi iliyoyeyuka ikiingia kwenye kontakti huko haitoki. Mswaki mchafu hauingii kwenye chupa kamwe. Namimina kiasi kwenye kikombe.

Kontrola ile niliilaza barazani usiku kucha. Alfajiri usomaji wake na wa multimita ukalingana.

Flaksi za "no-clean", yaani zisizohitaji kuoshwa, zinataka uamuzi. Zilienea baada ya Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, kuanza kuiondoa CFC-113, kemikali ambayo viwanda viliitumia kuoshea bodi. Masalia ya flaksi hizi yamekusudiwa kuachwa, kwa hiyo ukianza kuyaosha, maliza. Ukiishia njiani yanageuka unga mweupe. Flaksi ya kuyeyuka kwa maji nayo huoshwa kwa maji ya moto yaliyochujwa chumvi, na haiachwi hata siku moja.

Mafuta ya kulehemu ya mafundi bomba, yenye kloridi ya zinki, hayakanyagi mezani kwangu. Hula shaba. Bodi iliyokwisha kupakwa hayo naisafisha niwezavyo, lakini mwenyewe namwambia mapema kwamba sitoi dhamana.